Picha Ipo, Sauti Haipo: Kuunganisha Deki Mpya na Runinga ya Zamani

Wakazi wa Kaunti ya Mombasa wenye runinga za zamani wanashauriwa wasiharakishe kununua runinga mpya kwa sababu tu deki mpya ya diski imekataa kutoa sauti. Mara nyingi runinga ni nzima na deki ni nzima. Kinachokosekana ni waya unaofaa, au mpangilio mmoja ndani ya menyu ya deki ambao hubadilishwa kwa rimoti bila gharama yoyote.

Makala haya yanaeleza mahali sauti inapopotelea na namna ya kuitafuta, kuanzia hatua zisizogharimu kitu hadi zile zinazohitaji kifaa cha kununua. Pia yanagusia usalama, na la kufanya na runinga iliyokufa kabisa.

HARUSI ISIYOSIKIKA

Chukulia nyumba moja ya ghorofani mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale. Bibi mwenye nyumba ana runinga ya kichogo, ile yenye mgongo mkubwa nyuma, iliyomhudumia miaka mingi. Matangazo ya analojia yalipozimwa mwaka 2015, aliiunganisha na king'amuzi, na hadi leo anatazama habari za jioni bila taabu.

Mjukuu wake anayefanya kazi Ghuba amemletea deki mpya ya Blu-ray ili atazame diski ya harusi ya binti wa familia. Majirani wanaitwa, mkeka unatandikwa, kahawa inamiminwa. Diski inaingizwa na picha inatokea: bi harusi amepambwa, kina mama wanacheza, midomo inakwenda. Sauti hakuna.

Rimoti inabonyezwa, runinga inagongwa ubavuni, na baada ya nusu saa hukumu inatolewa: runinga imezeeka, inunuliwe nyingine. Hukumu hiyo ni ghali, na ushahidi wa kuipinga uko papo hapo sebuleni. Jioni ile ile, king'amuzi kilipowashwa, habari zilisikika vizuri. Runinga inayosema ikiunganishwa na king'amuzi haijapoteza sauti yake. Tatizo liko kati ya deki na runinga.

SAUTI NA PICHA HUSAFIRI MBALIMBALI

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba picha na sauti ni vitu viwili. Kwenye runinga za zamani kila kimoja kina waya wake. Waya wa manjano hubeba picha, mweupe hubeba sauti ya upande wa kushoto, na mwekundu hubeba sauti ya upande wa kulia. Hizi ndizo nyaya ambazo wengi huziita nyaya za AV. Kwa hivyo picha kuonekana si thibitisho kwamba sauti nayo imefika. Waya wa manjano unaweza kuwa mahali pake huku mweupe ukiwa umelegea au umechomekwa tundu lisilo lake.

Kwenye vifaa vipya, picha na sauti hupita pamoja katika waya mmoja wa HDMI, uliobuniwa mwaka 2002. Hapo safari ni ya dijitali, yaani vyote viwili husafirishwa kama tarakimu. Runinga ya kichogo haiwezi kusoma tarakimu hizo. Inataka mawimbi ya umeme ya kawaida, yaani analojia. Ni lazima pawepo kifaa cha kutafsiri katikati.

Kuna sababu ya deki nyingi mpya kukosa yale matundu matatu ya rangi. Kanuni za kulinda filamu za Blu-ray zisinakiliwe, zinazojulikana kama AACS, zilitaka deki zitakazotengenezwa baada ya mwisho wa mwaka 2013 zisitoe tena picha ya filamu hizo kupitia matundu ya analojia. Kanuni hiyo ililenga picha, si sauti, lakini watengenezaji wengi waliondoa matundu ya sauti pia ili kupunguza gharama. Deki za kawaida za DVD hazikuguswa na kanuni hiyo, na nyingi bado zina matundu ya rangi. Mwenye runinga ya zamani anayetaka kutazama DVD pekee atapunguza usumbufu akichagua deki ya aina hiyo tangu mwanzo.

ANZA NA HATUA ZISIZOGHARIMU

Kabla ya kumwita fundi au kwenda dukani, fuata mpangilio huu. Kila hatua inaondoa mshukiwa mmoja.

1. Hakikisha spika za runinga ni nzima. Washa king'amuzi na usikilize. Ukisikia sauti, acha kuilaumu runinga.

2. Angalia kitufe cha kunyamazisha kwenye rimoti zote mbili, ya runinga na ya deki. Deki nyingine zina sauti yao wenyewe ya kupandisha na kushusha.

3. Angalia kama kuna kichwa cha vipokea sauti kilichosahauliwa kwenye tundu la mbele au ubavuni mwa runinga. Kikiwa humo, spika za runinga huzimwa.

4. Hakikisha umechagua mlango sahihi. Runinga yenye matundu nyuma na ubavuni huyaita AV1 na AV2. Nyaya zote tatu zikae kwenye kundi moja. Manjano ikiwa nyuma na nyeupe ikiwa ubavuni, picha itatoka na sauti haitatoka.

5. Soma maandishi yaliyo juu ya matundu. Runinga nyingine zina matundu ya kuingiza, yenye neno IN, na ya kutoa, yenye neno OUT. Waya hutoka OUT ya deki na kuingia IN ya runinga.

6. Badilisha nyaya. Ikiwa deki ina matundu ya rangi, chomoa nyaya za king'amuzi ambazo zimethibitika kufanya kazi, uzitumie kwenye deki. Sauti ikitoka, waya wa awali ndio mbovu, na huo ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu zaidi dukani.

7. Jaribu diski nyingine. Diski iliyorekodiwa vibaya haitatoa sauti kwenye deki yoyote.

RANGI ZINAZOWAPOTEZA WATU

Nyuma ya deki za miaka ya katikati, kati ya zama za kichogo na za HDMI, huwa kuna matundu mengi ya rangi, na baadhi yanafanana sana.

Kosa la kawaida ni la rangi nyekundu. Deki nyingi zina matundu mawili mekundu. Moja liko karibu na la kijani na la buluu, na kazi yake ni kubeba sehemu ya picha. La pili liko karibu na jeupe, na hilo ndilo la sauti. Waya wa sauti ukiingizwa kwenye jekundu la picha, runinga itanguruma au itakaa kimya. Kanuni rahisi ni hii: nyekundu ya sauti daima ni jirani ya nyeupe.

Kosa la pili ni tundu la rangi ya chungwa au jeusi lenye neno COAXIAL au DIGITAL. Umbo lake ni sawa na la waya mweupe, na waya unaingia vizuri kabisa. Lakini kinachotoka humo ni tarakimu, na runinga ya kichogo haizielewi. Tundu hilo ni la vifaa vya muziki vyenye uwezo wa kuzisoma.

Kosa la tatu linahusu nyaya zenye kichwa kimoja chembamba upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili. Nyaya hizi hutumiwa na ving'amuzi vidogo, deki za kubebeka na kamera. Zinafanana kwa nje, lakini watengenezaji hawakukubaliana kuhusu mpangilio wa ndani. Waya wa kamera ukitumiwa kwenye king'amuzi, sauti inaweza kutokea kwenye kichwa cha manjano na picha kwenye chekundu. Kabla ya kuutupa, jaribu kubadilishana vichwa vya rangi kwenye runinga, hakuna kitakachoharibika.

Familia nyingi zina tatizo jingine: runinga ina kundi moja tu la matundu, na tayari limekaliwa na king'amuzi. Kuchomoa na kuchomeka kila siku hulegeza matundu. Suluhisho ni kisanduku kidogo cha kuchagua, chenye kitufe cha kuhamia king'amuzi au deki. Usiunganishe vifaa viwili kwa waya wa pacha usio na kitufe, kwani ishara zake zitagongana na kuharibu picha na sauti zote mbili.

DEKI YENYE HDMI PEKEE

Hapa ndipo yule bibi wa Kibokoni alipokwama, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza pesa.

Madukani huuzwa nyaya zenye kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili, bila kisanduku chochote katikati. Kwa deki ya kawaida ya DVD au Blu-ray, waya huo haufanyi kazi. Ndani yake hakuna kitu cha kugeuza tarakimu kuwa mawimbi. Ni kama kumpa mtu barua ya Kichina ndani ya bahasha ya Kiswahili.

Kinachohitajika ni konvata, yaani kisanduku kidogo cha kugeuza HDMI kuwa AV. Mnunuzi azingatie mambo manne.

Kwanza, uelekeo. Kuna konvata za aina mbili zinazofanana sana. Moja inapokea HDMI na kutoa AV. Nyingine inapokea AV na kutoa HDMI. Ya pili ni ya mwenye deki ya zamani na runinga mpya, na haiwezi kutumika kinyume. Soma kisanduku chenyewe: upande wa HDMI uandikwe INPUT, na upande wa matundu matatu ya rangi uandikwe OUTPUT.

Pili, umeme. Konvata nyingi huhitaji umeme wa volti 5 kupitia waya mdogo wa USB, sawa na wa chaja ya simu. Isipopata umeme wa kutosha, hukata picha au sauti. Tumia chaja ya simu iliyo nzima badala ya kutegemea tundu la USB la deki.

Tatu, swichi ya PAL na NTSC. Kenya hutumia PAL. Swichi ikiwa upande wa NTSC, baadhi ya runinga za kichogo zitaonyesha picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka.

Nne, jaribu kabla ya kulipa. Muombe muuzaji aiunganishe na deki yoyote na runinga yoyote hapo dukani. Weka risiti. Mnunuzi aliyeuziwa kifaa kisichofanya kazi iliyoelezwa ana haki chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na risiti ndiyo ushahidi wake.

LUGHA AMBAYO RUNINGA HAIIJUI

Sasa tuseme konvata imepatikana, nyaya ziko sawa, picha inaonekana, na bado kimya. Hii ndiyo hali inayowashangaza wengi, na dawa yake haigharimu hata shilingi.

Sauti kwenye diski za filamu na za harusi zilizotengenezwa kitaalamu mara nyingi hubanwa ili isijaze nafasi. Mifumo miwili mikuu ya kubana ni Dolby Digital na DTS. Deki ina njia mbili za kuitoa. Inaweza kuifungua yenyewe na kutoa sauti ya kawaida ya spika mbili, inayoitwa PCM. Au inaweza kuipitisha ikiwa bado imefungwa, kwa kutarajia kwamba kifaa cha mbele kitaifungua. Njia hii ya pili huitwa Bitstream, na baadhi ya deki huiandika RAW.

Deki ikiwekwa kwenye Bitstream na kuunganishwa na konvata ya bei nafuu, furushi linafika likiwa limefungwa na hakuna wa kulifungua. Picha inaendelea kucheza, sauti hakuna. Hali hii huwakumba pia wenye runinga bapa za miaka ya mwanzo. Runinga hizo zina tundu la HDMI, lakini nyingi hazifungui DTS. Dalili yake ni kwamba diski moja inasikika na nyingine haisikiki, ingawa nyaya hazijaguswa.

Dawa ni hii. Bonyeza SETUP kwenye rimoti ya deki. Ingia sehemu ya AUDIO. Tafuta mstari wenye maneno Digital Output, HDMI Audio au SPDIF. Ukikuta Bitstream, RAW au Auto, badilisha iwe PCM au LPCM. Kama kuna mstari wenye neno Downmix, chagua Stereo. Toka kwenye menyu, simamisha diski, kisha uianzishe upya.

Kama sauti bado haijatoka, bonyeza kitufe cha AUDIO kwenye rimoti wakati diski inacheza. Diski moja inaweza kuwa na sauti mbili au tatu. Chagua ile iliyoandikwa 2.0 au Stereo.

Wenye runinga bapa za zamani waangalie pia kama tundu wanalotumia limeandikwa DVI, au HDMI/DVI. DVI asili yake ni ya kompyuta na ilibuniwa kwa picha. Runinga nyingine, zikipokea kifaa kupitia tundu hilo, hungojea sauti iingie kwa waya tofauti. Hamia tundu jingine la HDMI, au tafuta kwenye menyu ya runinga mpangilio wa chanzo cha sauti uuchague HDMI.

RUNINGA YENYE TUNDU MOJA LA SAUTI

Runinga nyingi ndogo za kichogo zina matundu mawili tu, la manjano na jeupe. Hizi zina spika moja. Mwenye nyumba huchomeka manjano na nyeupe, na kuuacha waya mwekundu ukining'inia. Nusu ya sauti inabaki hewani.

Kwa diski nyingi hilo halina madhara makubwa. Lakini kuna diski ambazo upande wa kushoto na wa kulia hubeba mambo tofauti. Diski za VCD za karaoke huweka muziki mtupu upande mmoja na muziki wenye mwimbaji upande wa pili. VCD za filamu zilizotafsiriwa huweka lugha moja kila upande. Mtazamaji anayesikia ala bila mwimbaji hudhani diski imeharibika, kumbe mwimbaji yumo kwenye waya mwekundu. Bonyeza kitufe cha AUDIO, au L/R, hadi sauti unayoitaka itokee. Njia nyingine ni kuhamisha waya mwekundu uingie tundu jeupe.

Hali inayofanana na hiyo huwakumba wenye deki zenye matundu sita ya sauti. Deki ikipangwa kwa spika sita, maneno ya wazungumzaji hutumwa kwenye spika ya katikati ambayo haipo. Mtazamaji husikia muziki na kishindo, lakini mazungumzo yako mbali kama ya chumba cha pili. Tumia matundu yaliyoandikwa FRONT, au MIX, na ubadilishe mpangilio uwe wa spika mbili.

RUNINGA YENYE TUNDU LA ANTENA PEKEE

Runinga kongwe zaidi hazina matundu ya rangi kabisa. Kwa hizi huhitajika kifaa kinachoitwa modyuleta, ambacho hupokea nyaya za AV na kuzigeuza kuwa kama kituo cha televisheni, kisha huingia kupitia tundu la antena.

Hapa pia sauti inaweza kupotea peke yake. Katika matangazo ya analojia, sauti ilisafiri kando ya picha kwa umbali maalumu wa masafa. Kenya ilitumia mfumo wa B/G, ambao umbali huo ni megahezi 5.5. Uingereza ilitumia mfumo wa I, ambao umbali huo ni megahezi 6. Runinga iliyoletwa kutoka Uingereza ikiunganishwa na modyuleta iliyopangwa kwa B/G itaonyesha picha safi isiyo na sauti, au yenye mchakacho. Modyuleta nyingi zina swichi ya kuchagua mfumo, na runinga nyingi zina mpangilio huo kwenye menyu. Jaribu B/G kwanza, kisha I.

Kuna njia rahisi zaidi kwa mwenye redio kubwa au spika za nje. Kama deki ina matundu meupe na mekundu, picha iende kwenye runinga na nyaya hizo mbili ziende moja kwa moja kwenye tundu la AUX la redio. Anayetumia konvata anaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa majirani wa vichochoro vya Mji wa Kale, ambako dirisha la nyumba moja linatazama dirisha la nyingine, tafadhali shusheni sauti nyakati za usiku. Udhibiti wa kelele ni miongoni mwa majukumu ya kaunti chini ya Katiba.

HEWA YA BAHARI NA KUTU

Kisiwani kuna sababu moja ambayo mtu wa bara haijui sana. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na hula chuma taratibu. Kichwa cha waya kilichong'aa kinaanza kufifia, kisha kinaota utando wa kijani au wa kahawia. Dalili yake ni sauti inayokatika na kurudi, au inayotoka waya ukishikwa kwa mkono na kupotea ukiachwa.

Zima vifaa vyote na uvichomoe kwenye umeme. Futa vichwa vya nyaya kwa kitambaa kikavu. Kwa matundu, tumia kijiti chenye pamba iliyolowekwa kidogo kwenye spiriti, kisha subiri pakauke kabisa kabla ya kuwasha. Usitumie maji wala mafuta ya kupikia. Kuchomeka na kuchomoa kichwa mara kadhaa huku kikizungushwa pia husaidia kukwangua utando. Deki na runinga zisikae dirishani panapoingia rasharasha za kusi.

USALAMA KWANZA

Usifungue mgongo wa runinga ya kichogo. Ndani ya runinga ya rangi kuna umeme unaozidi volti 20,000, na baadhi ya sehemu hubaki na umeme huo hata baada ya runinga kuzimwa na kuchomolewa. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa. Hakuna hatua yoyote kati ya zilizoelezwa hapo juu inayohitaji bisibisi.

Chomoa vifaa kabla ya kuhamisha nyaya. Soma kibandiko cha nyuma ya deki iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo. Kikiandikwa 100-240V, ni salama kwa umeme wa Kenya wa volti 240. Kikiandikwa 120V pekee, kama deki nyingi zinazouzwa Marekani, kitaungua kikichomekwa moja kwa moja. Soketi moja isibebeshwe runinga, deki, king'amuzi, konvata na redio kupitia adapta iliyolegea. Joto lake ni chanzo cha moto, na katika nyumba zilizobanana za Mji wa Kale, zenye sakafu na ngazi za mbao, moto huenea haraka.

KABLA YA KUTUPA

Katiba ya Kenya, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kuzoa na kutupa taka. Runinga ya kichogo si taka ya kawaida. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ikivunjwa kichochoroni au kutupwa pamoja na taka za jikoni, sumu hiyo inaweza kuingia udongoni na majini. Wanaovunja runinga ili kupata shaba na kuchoma nyaya mitaani wanajidhuru wao na majirani kwa moshi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinapotoka, na watengenezaji na waagizaji wa bidhaa wabebe sehemu ya wajibu wa bidhaa hizo baada ya kutumika.

Kila runinga inayoendelea kutumika ni runinga moja isiyofika jaani. Ikiwa imekufa kabisa, isivunjwe. Mpe fundi anayehitaji vipuri, au uliza ofisi ya msimamizi wa wadi yako namna ya kukabidhi taka za umeme. Kisiwani wadi hizo ni Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni na Majengo.

MAMBO YA KWENDA NAYO DUKANI

Anayekwenda Mwembe Tayari au Barabara ya Digo kutafuta kifaa apige picha mbili kwa simu: nyuma ya runinga na nyuma ya deki. Picha hizo zitamweleza muuzaji mengi kuliko maelezo ya mdomo. Kisha aweze kujibu maswali matatu:

Je, runinga ina matundu gani ya kuingiza, na ni mangapi yaliyo wazi?

Je, deki ina matundu gani ya kutoa, ya rangi au HDMI pekee?

Je, deki imewekwa kwenye PCM?

Swali la tatu liulizwe nyumbani kabla ya kutoka, kwa kuwa jibu lake linaweza kuifuta safari nzima. Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi wa Kibokoni katika mfano wetu. Konvata yake ilikuwa sahihi na nyaya zilikuwa mahali pake. Deki ilikuwa kwenye Bitstream. Vitufe vitano vya rimoti vikatosha, vigelegele vya harusi vikasikika hadi kwenye baraza, na runinga ya zamani ikabaki mahali pake.